UZI: Nilibeba lita 5 za maji Chalbi na bado nikaanguka. Nini kilinipata?

#1 Nyayo_Ndefu
Habari za jioni wanajukwaa. Nimerudi kutoka Marsabit wiki mbili zilizopita na jambo hili bado linanikosesha usingizi, nisaidieni.

Mimi ni mwalimu, miaka 41, naishi Nairobi, natembea na klabu ya mtaani kwetu mwaka wa tatu sasa. Longonot nimepanda, Aberdare nimepanda, Ngong nimezunguka hadi nimepoteza hesabu. Safari hii tulikuwa watu 23. Basi Ijumaa usiku, Marsabit asubuhi, kisha Land Cruiser tatu hadi Kalacha, tukalala chini ya mikoma, ile miti ya jamii ya mnazi. Jumapili ndiyo tukaingia uwandani, jangwa la Chalbi lenyewe. Tulipanga kuondoka saa 11 alfajiri. Tulitoka saa 12:40 kwa kusubiriana, na mimi nilikuwa mmoja wa waliosubiriwa: soli ya kiatu cha kulia ilibanduka nikaifunga kwa waya, mizunguko mitatu.

Maji: mfuko wa mgongoni wa lita 2 na chupa mbili za lita moja na nusu. Kufikia saa 4 nilikuwa nimekunywa zaidi ya lita 4. Sikuwahi kuona kiu hata dakika moja.

Saa 4 hiyo hiyo kichwa kikaanza kugonga. Pete ya ndoa ikagoma kuzunguka kidoleni. Nikatapika maji matupu. Mbele yetu kulikuwa na mikoma, mstari mweusi, nikitembea nusu saa mstari uko palepale. Saa 5 na dakika kumi, kama kilomita 14 tangu kambini, magoti yakalegea, nikakaa. Naambiwa nilimuuliza mwenzangu kama kengele ya mapumziko imeshalia. Mimi sikumbuki. Kuna kama dakika 40 hazimo kichwani mwangu hadi leo.

Gari lilinichukua. Kiongozi akasema mbele ya watu wote, "Hukunywa maji." Jamani, nilikunywa kuliko wote. Kwa hiyo ni nini?

#2 Kijiti
Pole sana mwalimu. Nimekaa hapa kusubiri wajuzi.

#3 LengaiUsiku
Pole dada. Niko Arusha, nimepeleka watu Ol Doinyo Lengai mara nyingi tu. Mlima ule una mita 2,962, si mrefu ukiufananisha na jirani zake, lakini hakuna anayeuanza asubuhi. Tunaondoka saa 5 au saa 6 usiku, jua linachomoza tuko juu, na kabla halijakolea tuko njiani kushuka. Chini kule ziwa Natron joto si la kufanyia mchezo.

Kwako naona jambo moja tu: saa 12:40. Mngetoka saa 11 kama mlivyopanga, saa 4 mngekuwa kivulini mnakunywa chai. Saa moja na dakika 40 mlizopoteza mlizilipa juani.

#4 Nesi_wa_Zamu
Pole mwalimu. Kabla sijasema lolote nijibu haya: asubuhi ulikula nini? Ulikojoa mara ngapi njiani na rangi ilikuwaje? Kulikuwa na chochote chenye chumvi? Na vidole kuvimba, ulivimba kabla ya kutapika au baada?

#5 Nyayo_Ndefu
Asante nesi. Asubuhi: chai ya rangi na nusu kipande cha mkate, sikuwa na hamu. Nilikojoa mara tatu, na uwandani hakuna kichaka, tulikuwa tunashikiana leso. Mkojo ulikuwa mweupe kama maji ya bomba, nikafurahi, maana tuliambiwa ukiwa mweupe uko salama. Chumvi hapana, mama yangu ana presha, nyumbani tumeizoea kidogo sana. Pete ilibana kwanza, kutapika kulifuata.

#6 Nesi_wa_Zamu
Basi nitasema ninavyoona, na nisieleweke kwamba nimekupima.

Jasho linatoka na chumvi. Ukirudisha maji peke yake, tena mengi, chumvi ya damu inazimuliwa. Maji yanaingia kwenye seli, zinavimba, na ubongo nao huvimba ilhali umefungiwa ndani ya fuvu lisilo na nafasi. Ndiyo sababu ya kichwa kugonga, kutapika na kuchanganyikiwa. Vidole kuvimba na mkojo mweupe mara tatu kwenye joto lile vinanielekeza huko. Mtu aliyekauka hakojoi hivyo.

Hatari yake ni kwamba kwa macho inafanana na kukosa maji. Kiongozi akiona umelegea anakupa chupa nyingine. Ulipewa maji garini?

#7 Nyayo_Ndefu
Nilipewa chupa nzima na nikalazimishwa kuimaliza. Niliitapika yote.

#8 Nesi_wa_Zamu
Kuitapika pengine ndiko kulikokusaidia. Hilo limenishtua.

Kwa wote wanaosoma: maji ya chumvi na sukari mnayajua tangu kliniki za watoto. Lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vya kusawazisha, visiwe vya mlima. Pakiti za ORS, yaani chumvi na sukari iliyopimwa tayari ya kuchanganya na maji, ni nafuu na nyepesi, ni bora zaidi. Lakini mtu akishachanganyikiwa asinyweshwe chochote kwa nguvu, apelekwe hospitali.

#9 Mzee_Kobe
Nesi namheshimu, lakini hapa sikubali moja kwa moja. Nilifanya kazi ya barabara kaskazini, Isiolo kwenda juu, miaka mingi. Kila kundi jipya la vijana kutoka Nyeri au Kisii lilipowasili, wiki ya kwanza walianguka wawili watatu. Chumvi walikula, ugali na nyama walikula. Wiki ya pili hao hao wanapiga sururu hadi saa 6 mchana bila shida. Mwili unajifunza joto. Unahitaji siku kama kumi, kumi na nne.

Nairobi iko mita 1,700 hivi, usiku unajifunika blanketi. Chalbi haifiki hata mita 500. Mwalimu ametoka baridini Ijumaa, Jumapili yuko kwenye kikaango. Hata angebeba gunia la chumvi.

#10 Nesi_wa_Zamu
Mzee @Mzee_Kobe, unayosema hayapingani na yangu. Mwili usiozoea joto hutoa jasho lenye chumvi nyingi, uliozoea hujifunza kuibana. Vijana wako wa wiki ya pili jasho lao lilikuwa limebadilika.

#11 Mzee_Kobe
Hilo la jasho kubadilika nimelisikia leo, ahsante. Lakini ugonjwa bado nauita joto.

#12 Dogo_Fundi
Mwalimu ulivaa rangi gani? Kama ulivaa nyeusi jibu ni hilo, tufunge uzi. Nyeusi inavuta jua. Jangwa lolote duniani lenye mchanga kama Chalbi watu huvaa nyeupe.

#13 Dereva_wa_Maikona
Salaam. Nimeona jina Chalbi nikaona nisipite kimya, mimi ni mwenyeji.

Kwanza @Dogo_Fundi, Chalbi si mchanga kama wa kwenye picha za ngamia. Mchanga upo pembeni, lakini uwanda wenyewe ni sakafu ya ziwa la zamani, udongo na magadi, mweupe. Mvua kubwa ikinyesha unajaa maji tena na gari halipiti. Kwa Wagabra jina lenyewe ni mahali patupu penye chumvi. Mahali ni pa chumvi na mgeni anaugua kwa kukosa chumvi, haya ni maajabu, tunapeleka mifugo yetu ilambe.

Pili, nyeupe ya chini inarudisha jua. Linakupiga kutoka juu, kisha linakupiga kutoka chini. Kofia haisaidii kitu chochote kwa jua la chini. Angalieni wageni wakirudi, wameungua chini ya kidevu.

Tatu upepo. Kaskazini yote hii upepo haulali, si bure kwamba karibu na Loiyangalani kuna mitambo 365 ya kuzalisha umeme wa upepo. Upepo unakausha jasho kabla hujaliona. Mgeni anasema "sitoki jasho", kumbe anatoka na fulana imebaki na ramani nyeupe mgongoni. Mwalimu, fulana yako ilikuwa na hiyo ramani?

#14 Nyayo_Ndefu
Ilikuwa nayo kaka. Nilidhani ni vumbi la uwanda. Niliikung'uta haikutoka hadi nilipofua.

@Dogo_Fundi nilivaa fulana ya bluu ya klabu, ya kubana, na suruali ya kubana.

#15 Mpemba_Maskati
Pole bibie. Mie niko Maskati mwaka wa kumi na moja huu, na tuna kikundi chetu cha kwenda majabalini na mchangani, wengi twazungumza Kiswahili maana wazee wao wametoka Unguja na Pemba.

Huku hatutoki kundi mwezi wa Juni wala Julai, khasa. Hata wafanyakazi wa nje, toka Juni mpaka Agosti, sheria yakataza kufanya kazi juani saa 6 na nusu hadi saa 9 na nusu mchana. Sie msimu wetu ni Oktoba mpaka Machi. Tukenda michanga ya Sharqiya twatembea baada ya alasiri mpaka magharibi, tena asubuhi baada ya alfajiri mpaka jua lipande kidogo. Mchana kutwa ni kulala hemani na tende.

Na nguo ya kubana ndo tatizo kubwa, yakhe. Kanzu ina hewa. Ukitembea inapepea, hewa yaingia chini yatokea juu. Na tukifika twanywa laban, maziwa yale mepesi ya chachu, tunatia chumvi. Nilipokuja mara ya kwanza sikuyapenda. Sasa nikiyakosa kichwa chauma.

#16 LengaiUsiku
Kumbe Mpemba naye amesema saa. Tuko pamoja.

#17 Binti_Taveta
Kuhusu nyeusi, @Dogo_Fundi usifunge uzi bado. Wapo Mabedui wanaovaa nyeusi jangwani na wako salama. Mwaka 1980 wanasayansi walichapisha kipimo walichofanya jangwa la Negev: mtu amesimama juani na kanzu nyeusi, kisha na nyeupe. Kanzu nyeusi ilivuta joto zaidi kweli, lakini joto lililofika kwenye ngozi lilikuwa sawa, kwa sababu nguo ni pana na hewa inaliondoa njiani. Upana ndio ulioleta tofauti.

#18 Dogo_Fundi
Hapo umenikamata Binti. Nafuta neno rangi naandika neno kubana.

#19 Mfunga_Mkia
Nimesita kuandika, lakini mwalimu atanitambua tu. Nilikuwa kwenye safari hiyo, mtu wa mwisho nyuma, na ndiye aliyeulizwa habari ya kengele.

Marekebisho machache kwa nia njema. Wengi mmesikia kilomita 14, saa yangu ilionyesha 11 na kitu hadi pale alipokaa. Kipimajoto changu kilisoma nyuzi 38 saa 4. Na mwalimu mpendwa, hukuwa unatembea pole pole. Ulikuwa kundi la mbele na wale vijana wawili wa mbio za nyika, mkicheka. Nilituma ujumbe mara mbili kwa redio kwamba mbele wapunguze.

Jambo linalonitatiza ni hili. Kuna dada mwingine alikunywa chini ya lita 2 siku nzima akafika mzima. Na kuna mzee wa benki alilegea dakika ishirini kabla yako, midomo imepasuka, hajakojoa tangu asubuhi, tukampa maji na ORS akasimama. Watu wawili, uwanda mmoja, saa zilezile, na naona kama magonjwa mawili tofauti.

#20 Nyayo_Ndefu
Nimekutambua, na asante kwa kunishika mkono siku ile. Kilomita 11 nakubali.

Mwendo... ni kweli nilikuwa mbele. Sikutaka tena kuwa wa kusubiriwa baada ya ile habari ya kiatu asubuhi. Watu 22 wamesimama wananitazama nikizungusha waya. Kwa hiyo niliongeza hatua.

Na niseme kilichoniuma. Usiku ule kwenye kundi la WhatsApp iliandikwa kwamba "wanachama wasiojiandaa wanachelewesha wenzao", jina halikutajwa lakini kila mtu alijua. Nilikuwa nimelala zahanati na dripu mkononi. Hakuna kiongozi aliyepiga simu hadi Jumatano.

#21 Kijiti
Hiyo si haki hata kidogo. Kundi likitoka 23 linarudi 23, na anayelegea ndiye anayepanga mwendo.

#22 Dereva_wa_Maikona
Kijiti umenena. Wazee wetu wakihamisha boma, nyumba ziko juu ya ngamia, mwendo ni wa ngamia mwenye mimba na wa mama mwenye mtoto mchanga. Vijana wanatembea mbele kutafuta malisho, lakini msafara hauwafuati wao.

Halafu hakuna anayetembea saa 4 hadi saa 9 kama hakuna shida iliyomsukuma. Mnalipa pesa kuja kutembea saa ambazo sisi tunalala! Nawapenda, karibuni tena, lakini hilo tunalizungumza sana Kalacha.

#23 Mama_Ngozi
Naomba kuuliza kidogo nje ya mada: ule mstari mweusi wa mikoma usiosogea, ni mazigazi? Nilikwenda na shule nikiwa kidato cha pili nikaona ziwa zima, mwalimu akasema Turkana. Nikakua nikijua nimeona Turkana.

#24 Dereva_wa_Maikona
Mama, ukiwa Chalbi huwezi kuona ziwa Turkana, lipo mbali magharibi na kuna miinuko katikati, Kulal ikiwa mmojawapo. Hayo yalikuwa mazigazi. Mikoma ya mwalimu ni ya kweli, ila hewa ya moto juu ya uwanda inapinda mwanga, ukaiona kama inaelea. Ndiyo maana hukadiri umbali kwa macho kule. Kadiria kwa saa.

#25 Mama_Ngozi
Miaka thelathini nimewasimulia watoto. Asante kaka, ngoja nikawaambie.

#26 Nesi_wa_Zamu
Turudi kwa mwalimu. Nimesoma #19 na nakubali, mzee wa benki alikauka, mwalimu naona alizidisha. Ndiyo maana sipendi ile kanuni ya "lita moja kila saa". Kunywa kwa kiu, kula chenye chumvi, pima mwendo.

Swali nililolisahau: ulikuwa unatumia dawa yoyote?

#27 Nyayo_Ndefu
Sina presha. Ila goti lilinisumbua baada ya basi, nikanywa ibuprofen mbili Jumamosi jioni na mbili Jumapili asubuhi. Ni vidonge vya maumivu tu.

#28 Nesi_wa_Zamu
Mwalimu! Si "tu". Dawa za aina hiyo zinafanya figo zishindwe kutoa maji ya ziada vizuri, na kwenye joto zinazichosha zaidi. Wakimbiaji wa mbio ndefu wanaonywa kila siku. Mkienda jangwani ziacheni.

#29 Mzee_Kobe
Sasa hesabu: saa, chumvi, mazoea ya joto, nguo, mwendo, upepo, vidonge. Kila mtu ana chake. Bado nasema angekaa Marsabit siku nne na Kalacha siku nne kabla ya kutembea, yote hayo mengine yangesamehewa.

#30 LengaiUsiku
Mzee, mwalimu ana likizo ya siku tatu, hizo siku nane atazitoa wapi? Alichoweza kubadilisha ni saa ya kuondoka.

#31 Mzee_Kobe
Mwenye siku tatu apande Ngong.

#32 Binti_Taveta
Hapana mzee, usimkatishe tamaa. Jangwa ni letu sote.

#33 Mpemba_Maskati
Huku wapo wanaojizoesha nyumbani, watembea jioni joto lingalipo kwa wiki mbili kabla ya safari. Kwa Nairobi sijui mtalipata wapi hilo joto. Na usingizi je? Usiku wa basi, kisha siku ya gari, kisha usiku wa hemani. Bibie ulilala saa ngapi jumla?

#34 Nyayo_Ndefu
Ijumaa kama saa mbili, kichwa kikigonga dirisha. Jumamosi saa nne, upepo ulikuwa unapiga turubai usiku kucha.

Zahanati walinipima malaria, hakuna. Damu ya kupima chumvi haikuchukuliwa, mashine haikuwepo. Kwa hiyo nesi, naona hatutajua kwa hakika.

#35 Nesi_wa_Zamu
Bila kipimo cha siku ile, hapana. Nabaki na vidole na mkojo.

#36 Mfunga_Mkia
Klabu inakutana Jumamosi hii. Nitapendekeza mambo matatu: ORS kwa kila mtu, mtu wa nyuma awe na mamlaka ya kusimamisha kundi zima, na kufika mwisho saa 3 na nusu. Mwalimu njoo tafadhali. Na suala la ule ujumbe nitalisema mimi mwenyewe.

#37 Nyayo_Ndefu
Nitakuja.

#38 Dereva_wa_Maikona
Wandugu, leo nimepeleka mizigo North Horr nikapitia njia yenu. Mvua haijanyesha, kwa hiyo nyayo zenu bado zipo kwenye ganda la magadi, zimekauka kama zimechongwa. Ya mwalimu haipotei, ile mistari mitatu ya waya kiatu cha kulia.

Nimeshuka nikaifuata kidogo. Mwalimu, kutoka kambini inanyooka vizuri. Pale gari la kwanza liliposimama kuwangoja, mlipofika kabla hata ya saa 2, inaanza kwenda upande. Hatua tano kulia, inarudi, hatua nne kulia, inarudi. Ni hivyo hadi pale ulipokaa. Jua lilikuwa bado dogo.

#39 Nyayo_Ndefu
Saa 2? Kaka, saa 2 nilikuwa naimba.

#40 Mfunga_Mkia
Ulikuwa unaimba, nilikusikia. Sasa mimi niliyekuwa nyuma yako ndiye sijui niliangalia wapi.

#41 Nesi_wa_Zamu
Kulia tu? Daima kulia? @Dereva_wa_Maikona, una picha?